Draivu ya Kasi

Kucha ndizo zilizotangulia. Jumapili jioni Mama Chiriku alimkata binti yake kucha zote ishirini, akazifunga kwenye kipande cha gazeti akazitupa. Jumanne asubuhi mtoto akarudishwa nyumbani kutoka mstarini na kikaratasi cha mwalimu: mzazi aangalie usafi. Mama alimshika vidole akaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Kucha zilikuwa zimepita ncha za vidole, ngumu, za rangi ya pembe, kama za mtu ambaye hajashika wembe mwezi mzima.

"Nilikukata juzi au sikukukata?"

"Ulinikata, mama. Hiki hapa ulikikata mpaka kikauma."

"Basi nimechoka kuliko ninavyojijua," akasema, akatafuta wembe.

Uchovu ndio uliokuwa jibu lake kwa mambo mengi. Mumewe aliendesha malori ya safari ndefu, na nyumbani alikuwa kama mgeni: anakuja, anakaribishwa, anaondoka. Mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikaa nao, lakini magoti yake hayakumruhusu kufanya zaidi ya kuchambua mchele na kutoa maoni. Kila siku Mama Chiriku aliamka, akafua, akapika, akampeleka mtoto shule, kisha akaenda dukani kutengeneza mashine za gemu za watoto wa watu. Chiriku, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo usiofungwa, alikuwa na miaka tisa.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na kabati la vioo. Upande huu alikaa yeye na mashine zake, upande ule alikaa Fundi Saa na saa zake. Walikuwa wamekaa hivyo miaka kumi na moja, wakiazimana bisibisi na kutaniana.

"Dada," Fundi Saa alimwambia Jumatano ile, akimrudishia saa ya ukutani aliyokuwa ameileta kutoka nyumbani, "hii haina ugonjwa."

"Inakimbia. Kila siku inatangulia saa mbili nzima."

"Hapa imekaa siku mbili na haijakosea hata dakika moja. Ugonjwa uko nyumbani kwako." Akacheka. "Au umeitundika karibu na Bibi? Yule mama anaharakisha kila kitu."

Mama Chiriku alicheka naye. Lakini kwa kuwa alijua saa ile ilikuwa imetundikwa wapi, kicheko hakikufika mbali. Ilikuwa juu ya televisheni, na chini ya televisheni ndipo ilipokuwa ile mashine.

Mashine ya gemu ya Chiriku ilinunuliwa kuukuu. Ilikuwa ya toleo la kwanza, lile ambalo draivu yake ilisoma diski kwa mwendo wa konokono. Ukiweka gemu ungeweza kwenda kuteka maji, ukarudi, ukayamimina mtungini, na kwenye kioo bado kuna kiduara kinazunguka na neno "Subiri".

"Wewe ni fundi wa watu wote," Chiriku alikuwa akisema. "Ya kwetu ndiyo huitengenezi."

"Mganga hajigangi," Bibi angedakia kutoka kitini.

Dawa ilijulikana. Matoleo ya mwisho ya mashine ile yalipewa draivu yenye kasi maradufu, na ilikuwa inaingia bila tatizo kwenye zile za zamani. Ila kuipata ilikuwa kazi. Walio nazo hawakuziachia. Mama Chiriku alikuwa amemwahidi mtoto draivu ya kasi siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo ilikuwa imepita bila draivu, naye Chiriku hakulalamika, jambo ambalo lilimuuma zaidi ya malalamiko.

Ndipo, wiki mbili kabla ya mambo ya kucha, akaja mama mmoja mwenye miwani.

Alileta mashine ya toleo la mwisho, imefungwa kwenye shuka. "Isafishe tu," akasema. "Mimi sijui kitu kuhusu vitu hivi. Hata ukitoa kitu ndani, ukaweka kingine, mimi sitajua."

Wateja hawasemi hivyo. Mteja wa kawaida hukodolea macho mikono yako hadi itetemeke. Mama Chiriku aliliona hilo, akalipita.

Mafundi wenye adabu wana desturi moja: kipuri ukikitoa kwenye chombo cha mtu, hata kama kimeungua, unakitia kwenye mfuko na kumkabidhi mwenyewe aone kwa macho yake. Mama Chiriku alikuwa hajawahi kuivunja. Siku ile aliivunja, na haikuwa kwa bahati mbaya, maana draivu hizi hazibadilishwi kwa bahati mbaya. Kila moja ina kibao chake kidogo cha saketi tumboni, na mashine inakijua kibao hicho kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ukiweka draivu ngeni bila kuitia kibao cha ile ya zamani, mashine inaikataa. Kwa hiyo ilimbidi aende nyumbani mchana kuileta draivu yake ya polepole, azifungue zote mbili, anyofoe vibao na kuvibadilisha. Mwizi wa kawaida hupora akakimbia. Yeye aliiba ameketi, kwa miwani ya kukuzia, waya kumi na tatu upande huu na kumi na tatu upande ule, ameligeuzia kabati la vioo mgongo ili Fundi Saa asione mikono yake.

Risasi ya kulehemu ilipoyeyuka haikunuka risasi. Ilinuka nywele zilizoungua. Alijishika kichwani, akaona nywele zake ziko salama chini ya kitambaa.

Mama mwenye miwani alipokuja kuchukua mashine aliomba iwashwe palepale. Akainama, akasikiliza draivu ikinguruma taratibu.

"Imekuwa polepole," akasema.

Mama Chiriku alikuwa ameshaandaa uongo wake, kwamba lenzi ikisafishwa huchukua siku chache kuzoea. Hakuuhitaji. Yule mama alivua miwani, akafuta macho kwa ncha ya nguo.

"Polepole ni vizuri. Mungu akulipe, mwanangu, sawasawa na ulichonifanyia."

Maneno yale alikwenda nayo nyumbani kama kijiwe ndani ya kiatu. Lakini jioni ile Chiriku aliweka gemu, akatoa macho, akapiga makofi.

"Mama, inafunguka kabla sijabonyeza."

"Usinitanie."

"Njoo uone."

Akaenda akaona. Kiduara hakikuonekana kabisa. Mtoto alikuwa akiruka kwa furaha, na mama, akiwa na sufuria mkononi na vyombo vya siku nzima bado havijaoshwa, alisema maneno ambayo kila mama ameyasema. "Haya, cheza. Kisha ukue upesi uje unipokee hizi kazi."

Baada ya kucha, meno. Chiriku aling'oka jino Alhamisi, na Jumamosi lingine lilikuwa limejaa mahali pake, pana, la mtu mzima. Maziwa yaliyochemshwa asubuhi yaliganda kabla ya chakula cha mchana. Sare ya shule, iliyokuwa imeachiwa pindo refu ili ivaliwe miaka miwili, ilimfika juu ya magoti.

"Huyu mtoto mmemtia hamira?" Bibi aliuliza, na siku ile wote wakacheka. Chiriku alicheka kuliko wote. Kisha akauliza, "Mama, kwa nini wenzangu darasani wamebaki wadogo?" na hakuna aliyecheka tena.

Jumanne iliyofuata Bibi alikuwa anamsuka mtoto. Mikono yake ikasimama katikati ya msuko. Akamwita Mama Chiriku kwa kidole, bila sauti.

"Njoo uone," alinong'ona.

"Ni uzi wa mto huo."

"Uvute."

Akauvuta. Chiriku akasema, "Unaniumiza, mama." Ulikuwa unywele, mweupe tangu kwenye shina.

Bibi alimtuma mtoto jikoni kuleta maji asiyoyahitaji. Kisha akasema polepole, "Ulileta nini ndani ya nyumba hii?"

"Sikuleta kitu."

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Ukidanganya unakuna kidevu."

Mama Chiriku akashusha mkono kutoka kidevuni. "Nilichukua kitu cha mama wa watu. Draivu. Nilimwekea yetu."

"Akijua?"

"Bila kujua."

"Nyamaza sasa, mtoto anarudi," Bibi akasema. "Na uitoe leo hii."

Ilikuwa magharibi. Mama Chiriku alichukua mfuko wake wa bisibisi akapiga magoti mbele ya televisheni, na wakati huohuo umeme ukakatika mtaa mzima. Wakasikia majirani wakiguna na vibiriti vikiwashwa. Televisheni ilizima. Feni ya dirishani ilipunguza mwendo ikasimama. Mashine haikuzima. Taa yake ndogo ilikuwa imekufa, waya wake ameung'oa ukutani kwa mkono wake mwenyewe, na bado ndani yake diski ilikuwa inazunguka, kwa mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia sikioni, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikawa inapanda kutoka kwenye matundu ya hewa.

Alikuwa amefungua mashine za aina hiyo mamia kwa mamia na alijua kwamba ukiinua kifuniko diski husimama, lazima isimame, kuna kidude cha usalama pembeni kinachoikatia mwendo, na kwa kulijua hilo aliinua kifuniko akingoja isimame, lakini badala ya kusimama iliongeza mbio hadi mchoro wa juu yake ukafutika na kubaki mng'ao mtupu kama kioo cha maji, na ndani ya mng'ao ule, mahali ambapo kila kitu kilipaswa kuchanganyika na kupotea kwa kasi, palikuwa na uso uliotulia tuli, uso wa mtoto ambao ukiutazama ulikuwa tayari wa msichana, na kabla hujaumaliza ulikuwa wa mama, na kabla hujapumua ulikuwa wa ajuza asiye na jino, ukirudi tena utotoni na kuanza upya, isipokuwa macho, ambayo hayakubadilika hata kidogo, na macho yale hayakumtazama yeye bali yalipita juu ya bega lake yakimtazama Chiriku aliyesimama mlangoni na kikombe cha maji; na kutoka kwenye spika za televisheni iliyozimwa, kwa sauti ya Mama Chiriku mwenyewe, ile ile ya kuchoka, ya mtu mwenye sufuria mkononi, likatoka neno moja la kubembeleza, "Kua."

Alitia mkono ndani. Diski ilimkata vidole viwili kabla ya kupasuka, na vipande vikaruka hadi kwenye pazia. Aling'oa draivu pamoja na skrubu zake. Akaikuta bado inatetemeka kiganjani, vuguvugu, kama kifaranga.

Alipoinua nyundo Bibi akamshika kiwiko.

"Usivunje nyumba ya mtu usiyejua atahamia wapi," akanong'ona.

Wakaifungia kwenye kopo la biskuti. Mlio wake ulisikika hata ndani ya kopo. Asubuhi kucha za Chiriku zilikuwa zimekua tena, na alikuwa amefungua kitabu chake cha darasa la tatu, amekinyoosha mbali na macho kama Bibi asomapo barua.

Anwani ya mama mwenye miwani ilikuwa kwenye daftari la kazi. Mama Chiriku alitembea huku amekumbatia kopo. Nyumba ilikuwa na mlango wa nondo, na nyuma ya nondo mama yule alitokea akifuta mikono, akaliona kopo, akaipeleka mikono yote miwili mgongoni.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mama Chiriku alianza.

"Usimalize. Na usininyooshee hicho."

"Nilikuibia. Nakurudishia. Chukua chako unisamehe."

"Nimekusamehe tangu siku ile. Kukichukua, sichukui."

Ndani ya nyumba mtoto mdogo alikuwa anaoga, anaimba, anapiga maji. Mama mwenye miwani aliurudisha mlango wa mbao nyuma yake kidogo, ili wimbo usitoke.

"Una mtoto?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ana miaka tisa."

Yule mama aliangalia nyuma, kwenye mlango. "Wangu mkubwa alikuwa na kumi. Kaka yangu ndiye aliyemletea hiyo mashine. Sikumuuliza ameitoa wapi. Nani anauliza zawadi imetoka wapi? Ilichukua miezi mitano. Watu wa chumba cha maiti waliniuliza kama ni mama yangu."

Mama Chiriku alishika nondo.

"Niliitupa jalalani, nikaikuta chini ya televisheni imefutwa vumbi. Niliiuza, aliyenunua akairudisha siku hiyohiyo bila kudai chake. Nikatafuta mtaalamu. Alikataa hata kuigusa. Aliniambia huyu ana haraka, chakula chake ni siku za watoto, naye hatupwi, hauzwi, hatolewi bure. Anatoka kwa mkono wa mwizi tu. Na mwenyewe akikipokea tena kilichoibwa, amempokea tena."

"Kwa hiyo uliniletea mimi niibe."

"Nilipita kwa mafundi wanne kabla yako. Wote wakanirudishia na kila skrubu. Nilifika mahali nikaanza kuwachukia watu waaminifu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeiba?" Alivua miwani, na macho yake bila miwani yalikuwa madogo na yenye aibu. "Nilimwomba Mungu mwizi awe mtu asiye na mtoto."

"Hukuniuliza kama ninaye."

"Sikukuuliza. Nilijua nikiuliza nitaghairi, na huyu wa bafuni ndiye pekee niliyebaki naye."

Mlango wa mbao ukafungwa taratibu, bila ubaya, kama unavyofungiwa mtu aliyekuja kutoa pole.

Kesho yake Mama Chiriku aliiweka draivu kwenye meza ya mbele ya duka, karibu na mlango, mahali ambapo mtu angeweza kuichukua bila hata kuingia. Akaketi amegeukia ukuta. Alikuwa akijiambia kwamba atakayeichukua atakuwa mpita njia, mtu mzima, mseja, mhuni fulani ambaye dunia haitamkosa.

Siku tatu hakuna aliyeichukua. Maisha yake yote alikuwa akisikia watu wakilalamika kuhusu wezi, na sasa alipomhitaji mmoja tu hakumpata. Kijana wa kubeba mizigo aliiokota ilipotetemeka na kuanguka kibarazani, akamletea mkononi. Mama Chiriku alirudi nyuma kama aliyenyooshewa nyoka, akamwambia aiweke mezani mwenyewe. Mzee mmoja alimkaripia: "Fundi, vitu vyako unaviacha nje, watu siku hizi si wema." Nyumbani, Chiriku alikuwa amemzidi mama yake urefu. Alikaa kwenye kiti cha Bibi, akilalamika kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa kwamba mgongo unamuuma.

"Dada," Fundi Saa akamwita siku ya nne, "hicho kimota kinauzwa?"

Alikuwa ameinama juu ya kabati la vioo, anaitazama draivu. Mama Chiriku alijua anachokitaka. Mwezi mzima alikuwa akitafuta mota ndogo, yenye kasi, ya kutengenezea mashine ya kung'arishia vioo vya saa.

"Hakiuzwi."

"Nipe basi. Umekitupa hapo siku zote hizo."

"Sikupi."

"Uchoyo mtupu. Nitamwambia Bibi."

Alikuwa anatania. Fundi Saa alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa pia mtu aliyesubiri mtoto miaka saba na mkewe, wakaambiwa wakate tamaa, na sasa walikuwa na binti wa miezi minane ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha kabati, imegeuzwa upande wa Mama Chiriku ili naye aione. Aliitazama picha ile. Kisha alifikiri juu ya mgongo wa Chiriku.

Akasimama, akafunga kitambaa vizuri kichwani.

"Natoka kidogo, kaka. Niangalizie duka."

"Unaenda mbali?"

"Nitachelewa," akasema, na alihakikisha amesema hivyo.

Alisimama kwenye kona ya barabara, mbele ya ukuta usio na kitu cha kutazama. Angeweza kurudi. Zilikuwa hatua arobaini. Alizihesabu kwa macho kwenda na kurudi, na kila alipofika mlangoni kwa macho aliiona miguu yake ipo palepale. Aliporudi, meza ilikuwa tupu. Fundi Saa alikuwa ameinamia saa ya mkononi na kioo chake cha jicho, anapiga mluzi wimbo usio na mwanzo wala mwisho, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakuinua kichwa kumkaribisha. Mama Chiriku aliketi upande wake. Wezi wawili walifanya kazi hadi jioni bila kutazamana.

Usiku huo Chiriku alilala moja kwa moja, bila kugeuka. Kesho yake kucha zilikuwa vilevile, na kesho kutwa vilevile. Maziwa yalikaa. Siku zilizoliwa hazikurudi. Alibaki mwanamke mrefu mwenye mvi kwenye paji, anayeogopa giza na asiyejua jedwali la saba, na shule ikasema haina pa kumweka. Lakini alikuwa hai, na alikuwa amerudia kuongea kutwa kucha.

"Lile dude limekwenda wapi?" Bibi alinong'ona jikoni.

"Limekwenda."

"Kwa nani?"

Mama Chiriku alisugua sufuria iliyokwisha takata. Bibi alingoja, akangoja, kisha akatoka na sahani yake, akaenda kula kibarazani, na tangu siku hiyo akawa anakula huko.

Siku ya tano tangu meza ile kubaki tupu, Fundi Saa alichelewa kufika. Alikuja amembeba binti yake mkono mmoja, na mkono mwingine ameficha kitu nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwone huyu," akasema, ili aanze na jambo rahisi. "Wiki hii moja amesimama, ametembea, na ameota meno manane. Mama yake anasema ana pupa kama baba."

Mtoto alishushwa chini. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye meza ya Mama Chiriku, akaishika ukingo, akamtazama. Hakuyumba hata kidogo.

"Amekua," Mama Chiriku akasema.

"Dada, mimi sijalala." Fundi Saa alitoa mkono mgongoni. Draivu ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa safi cha kufutia vioo, na ilikuwa inalia ule mlio mwembamba, ambao ilionekana yeye hausikii. "Nilikuibia siku ile. Miaka yote hii sijawahi kuchukua hata sindano yako. Ulipotoka, sijui niliingiwa na nini. Hata ile mashine yangu ya kung'arishia sijaitengeneza, kila nikiishika hii naona aibu. Nimekuja kukurudishia. Pokea, unisamehe."

Aliinyoosha juu ya kabati la vioo. Alichokuwa akisubiri kilikuwa kidogo sana: mkono wa mtu mmoja ufunguke. Mama Chiriku alikuwa ameshaificha mikono yake chini ya meza, ameishikanisha, vidole viwili vilivyokatwa vikimpwita.

"Draivu gani, kaka?"

"Hii. Ile iliyokuwa hapo mbele."

"Hiyo si yangu."

"Dada, niliichukua hapa hapa."

"Sina draivu ya namna hiyo. Labda umeitoa kwingine ukasahau." Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza. "Nenda nayo nyumbani."

Fundi Saa alimtazama. Kisha uso wake ukalegea taratibu, na Mama Chiriku akaona alichokuwa anakielewa, akakiacha akielewe hivyo. Aliikunja draivu ndani ya kitambaa, akaitia mfukoni, akajifuta macho kwa kiganja.

"Umenisitiri," akasema. "Mtu mwingine angenitangaza mtaa mzima. Hata huyu, akikua, nitamsimulia." Akamwinua binti yake, akamgeuza amwelekee Mama Chiriku. "Mungu akubariki, dada, wewe na mwanao."

Mtoto alikuwa anamtazama bado.

"Amina," akasema Mama Chiriku, akavuta taa karibu, akaendelea na kazi.